Fred Flintstone na sigara mkononi: ndiyo, yale matangazo anayoyakumbuka mzee wako yalikuwepo

Swali naliweka kwa kifupi ili wengine wafuate. Dada mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee kule Minnesota ameniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Mzee ninayemhudumia ana miaka 70 na kitu, kila jioni tunaangalia naye komedi za zamani za Marekani, na kila kipindi kikiisha analalamika kwamba zimekatwa, eti matangazo ndo yalikuwa matamu, wahusika wenyewe walikuwa wanakuja kuuza kahawa na sigara. Juzi mjukuu wake kamwonyesha klipu ya Fred Flintstone anavuta sigara, mi nikajua ni mambo ya kompyuta haya. Ni kweli ilikuwepo? Na mtu mzima anawezaje kulilia tangazo? Na nikitaka kumtafutia, nayapata wapi?”

Marahaba dada, na pole na kazi, kulea wazee sio mchezo. Nimefurahi sana umeuliza hili, mi matangazo ndo kazi yangu na hii sehemu ya historia yake naipenda kuliko zote.

Nianze na klipu. Ni ya kweli, hamna kompyuta hapo. The Flintstones ilianza kurushwa kwenye netiweki ya TV ya ABC tarehe 30 Septemba 1960, Ijumaa saa mbili na nusu usiku, na hiyo saa yenyewe inakwambia kitu, maana haikuwa katuni ya watoto ya Jumamosi asubuhi kama wengi tulivyokuja kuijua, ilikuwa komedi ya familia ya watu waliotoka kazini, tofauti ni kwamba ilichorwa badala ya kuigizwa. Wadhamini wake wa mwanzo walikuwa wawili, R.J. Reynolds wenye sigara za Winston, na kampuni ya dawa ya Miles Laboratories wenye vitamini za One-A-Day. Kwenye ile klipu maarufu Fred na jirani yake Barney wanawaangalia wake zao wanavyohangaika na kazi za nyumbani, wanasema inawauma kuwaona wanateseka hivyo, kwa hiyo wanafanyaje, wanazunguka nyuma ya nyumba ili wasiwaone, wanakaa, wanawasha Winston. Sauti ni zile zile za kipindi, Alan Reed ndo Fred na Mel Blanc ndo Barney, nyumba ni ile ile ya mawe, uchoraji ni ule ule. Mtu aliyekuwa anatazama usiku ule asingeweza kukuonyesha kwa kidole hapa kipindi kimeishia na hapa biashara imeanzia.

Na hapo ndo penye jibu la maswali yako yote, kwa hiyo nivumilie nieleze mfumo ulivyokuwa.

TV ya Marekani ilirithi tabia za redio. Kwenye redio ya miaka ya 1930 kampuni haikununua sekunde 30 kama leo, ilinunua kipindi kizima, na mara nyingi ajensi yake ya matangazo ndo iliyokitengeneza, ikaajiri waandishi, ikaajiri wachekeshaji, stesheni ikabaki kuuza muda na mitambo tu. Mdhamini alikuwa kama mwenye harusi aliyelipia ukumbi, chakula na bendi, basi na nyimbo anachagua yeye. Mchekeshaji Jack Benny alipokuwa chini ya Jell-O, ile jeli ya pudingi, kuanzia 1934 mpaka 1942, salamu yake ya kufungua kipindi ilikuwa na jina la Jell-O ndani, na wasikilizaji wala hawakukwazika, waliizoea kama sehemu ya mtu mwenyewe. TV ilipokuja wachekeshaji wakahama na tabia zao.

Angalia George Burns na mkewe Gracie Allen, kipindi chao CBS kilianza 1950 kikaenda mpaka 1958, mdhamini mkubwa maziwa ya kopo ya Carnation. Mtangazaji wao Harry von Zell hakusimama pembeni asome karatasi, alikuwa mhusika kabisa, rafiki wa familia, anaingia sebuleni anaongea na Gracie mkasa wa siku hiyo alafu mazungumzo yenyewe yanateleza taratibu mpaka kwenye maziwa, na Gracie kwa ule ujinga wake mtamu anashangaa wanakamuaje maziwa kwenye ua, maana Carnation ni jina la ua. Ukicheka tayari umeshasikia tangazo. Mi nasema mpaka leo hakuna mtu aliyewapita hao wawili kwa ufundi huo. Ozzie na Harriet nao, familia ya kweli iliyoigiza maisha yake yenyewe ABC kuanzia 1952, walikuwa na Hotpoint, na jiko unaloliona kwenye kipindi limejaa vifaa vya Hotpoint, Harriet akifungua friji tu biashara imefanyika hata kabla hajasema neno.

I Love Lucy ndo inayowashangaza watu zaidi. Ilianza tarehe 15 Oktoba 1951, mdhamini Philip Morris, sigara. Ule ufunguzi unaoujua wewe na mzee wako, wa moyo juu ya kitambaa cha satini, sio wa mwanzo, huo ulitengenezwa baadaye kwa ajili ya marudio. Wa mwanzo ulikuwa vikatuni vya Lucy na Desi wanahangaika na pakiti kubwa la Philip Morris, na Lucille Ball na Desi Arnaz wenyewe walikuwa wanatokea kwenye matangazo wamekaa kama mke na mume nyumbani wanasifia sigara. Tarehe 19 Januari 1953, usiku ambao Lucy wa kwenye kipindi alienda hospitali kujifungua na Lucille Ball mwenyewe akajifungua siku hiyo hiyo, watazamaji walikadiriwa milioni 44, na kipindi kililetwa na kampuni ya sigara. Philip Morris waliondoka 1955. Picha zile za vikatuni na pakiti zikawekwa stoo, marudio yakaja na moyo, na vizazi vilivyofuata vikakua havijui kabisa kwamba palikuwa na kitu kingine.

Sasa The Andy Griffith Show, hapa nitakaa kidogo maana nahisi ndo hasa mzee wako anapopataja, umri wake unaangukia pale pale.

Kipindi kilirushwa CBS kuanzia 1960 mpaka 1968, jumla sehemu 249, sherifu mjane wa kimji kidogo cha kubuni kinaitwa Mayberry, kijana wake Opie, shangazi Aunt Bee anayewapikia, na msaidizi wake Barney Fife aliyeigizwa na Don Knotts. Mdhamini mkuu alikuwa General Foods, kampuni yenye kahawa ya Sanka isiyo na kafeini, nafaka za Post, Grape-Nuts, Jell-O, vitu vya mezani tupu. Na hawa watu wakafanya jambo la akili sana, waliwatumia waigizaji wale wale kwenye mandhari ile ile ya kipindi, wamevaa nguo zile zile, wakatengeneza vichekesho vidogo vya dakika moja vinavyoishia kwenye bakuli la nafaka au kikombe cha kahawa. Andy bado ni sherifu, Barney bado ana ule ujuaji wake, Aunt Bee bado yuko jikoni kwake. Huyo mtoto Opie ni Ron Howard, ndiye aliyekuja kuwa dairekta mkubwa mpaka akachukua Oscar, na kabla ya yote hayo alikuwa anakula nafaka za Post mbele ya Marekani nzima.

Zitazame hizo kwa makini utaona kitu kimoja ambacho kwangu ndo siri ya yote. Kwenye kipindi chenyewe Andy hakutazami. Anaongea na Opie, anaongea na Barney, wewe mtazamaji unachungulia maisha ya watu. Ila tangazo likifika anageuka. Anaangalia kamera moja kwa moja na kuongea na wewe, kwa ile sauti yake ya polepole ya North Carolina, kama mtu aliyesimama mlangoni kwenu. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 aliyekaa kwenye zulia ya sebuleni na baba yake yuko nyuma kwenye kiti, hiyo ndo nafasi pekee kwa wiki nzima ambayo sherifu wa Mayberry alimwona yeye. Mzee wako hakuwa anaipenda kahawa ya Sanka, mtoto gani anapenda kahawa isiyo na kafeini, alipenda kuongeleshwa.

Kuna sababu nyingine mbili za hicho kilio chake nazo zina uzito. Ya kwanza, watafiti wa kumbukumbu wanajua siku nyingi kwamba watu wazima wanakumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka kama 10 na 30 ya maisha yao kuliko miaka mingine ya katikati, na picha na nyimbo za utotoni zinakaa karibu sana na hapo. Ila ya pili ndo mi naiona inapuuzwa. Sehemu moja ya kipindi ilirushwa mara moja, labda ikarudiwa kiangazi, basi. Tangazo lilirudi wiki baada ya wiki. Kwa hiyo utotoni alilisikia tangazo mara nyingi kuliko alivyoona sehemu yoyote ya kipindi. Alafu baada ya hapo ikageuka, vipindi vikarudiwa miaka 50 mfululizo mpaka vikazoeleka, leo akiona Barney na ile risasi yake moja mfukoni anakumbuka mwaka 1964 na mwaka 1985 na juzi alipoangalia na wewe, vyote vimechanganyika. Tangazo halikurudi tena. Limebaki na sebule ile ile tu, na watu wale wale waliokuwa hai. Ndo maana akiliona linamrudisha moja kwa moja kuliko kipindi chenyewe kinavyoweza, kwa hiyo dada usimcheke, wala usifikiri akili imeanza kuchoka, anachosema kina mantiki kabisa.

Na kwamba “zimekatwa”, yuko sahihi mara mbili. Mdhamini alilipia matangazo yale kwa usiku wake na netiweki yake. Kipindi kilipomaliza muda wake kwenye netiweki, mwenye filamu aliuza marudio kwa stesheni moja moja mikoani na nchi za nje, na hizo stesheni zilitaka kuuza matangazo yao wenyewe, nani angempa General Foods dakika ya bure? Zikatengenezwa nakala mpya bila mdhamini, mpaka majina ya wadhamini kwenye ufunguzi na mwisho yakafutwa. Sisi wa huku tuliokutana na Fred na Barney baadaye sana tulipewa nakala hizo zilizosafishwa, ndo maana sigara ile inatushtua wakati Mmarekani wa umri wake haimshtui. Na mkato wa pili ni wa kipindi chenyewe: komedi ya nusu saa ya miaka ya 1960 ilikuwa na dakika kama 25 na zaidi za kipindi, siku hizi stesheni zinataka zibaki kama 22 ili matangazo yatoshe, kwa hiyo hata vichekesho vimenyofolewa. Mzee anaona onyesho linaruka na anajua kabisa kuna kitu kilikuwa pale.

The Beverly Hillbillies, CBS kuanzia 1962, walikuwa na Winston na Kellogg's kwa pamoja, yaani familia ile ile ya wakulima waliopata utajiri wa mafuta inauza corn flakes na sigara. Hata bibi yao, Granny, anasifia sigara. Bewitched ilianza ABC 1964 na wadhamini Chevrolet na Quaker, na ile ilifika mbali zaidi maana mume kwenye hadithi, Darrin, kazi yake ni ajensi ya matangazo, kwa hiyo kubuni tangazo ndo ilikuwa hadithi ya wiki, na gari nyumbani ni Chevrolet. Kuna tangazo la Chevrolet la 1964 linalowakutanisha waigizaji wa Bewitched na wa vipindi vingine kabisa kama Bonanza, tafuta hilo, mzee atafurahi. Na Hogan's Heroes, komedi ya wafungwa wa vita kwenye kambi ya Wajerumani, wafungwa wale wale na mwigizaji Carol Channing wanauza Jell-O. Hilo mi silipendi, nalisema wazi. Kambi ya wafungwa wa vita sio mahali pa kunogesha pudingi hata kama ni kichekesho, pale ufundi ulizidi busara.

Labda utajiuliza pia iliruhusiwaje. Iliruhusiwa kabisa. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1934 ilitaka mdhamini atajwe, basi, na hawa walitajwa mpaka basi. Shida ilikuwa kwingine, na wala sitaki mapenzi yangu kwa matangazo haya yaifiche.

Kile kile kinachomfanya mzee wako alie leo, kwamba mhusika aligeuka akamwongelesha yeye mtoto, ndo kilichokuwa silaha. Mtoto haweki ukuta kati ya Fred rafiki yake na Fred mfanyabiashara. Tarehe 11 Januari 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ile ripoti nzito kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu, ila wakati huo Winston walikuwa wameshaondoka Flintstones, maana Februari 1963 Fred na Wilma walipata mtoto, Pebbles, na kipindi kilizidi kuwa cha watoto na familia, wakaingia juisi ya zabibu ya Welch's. Komedi nyingine ziliendelea na sigara. Sheria ya kuzifuta kabisa kwenye TV na redio Rais Nixon aliisaini tarehe 1 Aprili 1970, na tangazo la mwisho lilirushwa usiku wa tarehe 1 Januari 1971. Netiweki zikapoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka.

Vitamini nazo zina kisa chao. Miles walitoa vitamini za kutafuna zenye sura za Flintstones 1968, kipindi kimeshaisha miaka miwili kabla, yaani wahusika waliokuwa wanadhaminiwa na kampuni sasa wamekuwa bidhaa ya kampuni. Wazazi wakastuka, dawa inauzwa kwa watoto kama peremende. Kikundi cha Action for Children's Television, kilichoanzishwa 1968 kule Massachusetts na Peggy Charren na wenzake, kikapiga kelele mpaka 1972 Miles na kampuni nyingine mbili za dawa zikaondoa matangazo ya vitamini kwenye vipindi vya watoto. Alafu 1974 tume ya mawasiliano, FCC, ikatoa msimamo kwamba mhusika wa kipindi cha watoto asiuze bidhaa ndani ya kipindi chake wala kando yake. Nakubaliana nao asilimia mia. Kumpenda mtu aliyekuongelesha utotoni ni haki yako ukiwa na miaka 70, ila mtoto wa miaka 6 anayedai vitamini kwa sababu Fred kasema, huyo lazima alindwe. (Betty Rubble, mke wa Barney, hakuwemo kwenye kopo la vitamini mpaka 1995, watu walilalamika miaka kwa miaka ndo akawekwa, ukimwambia mzee hiyo atacheka.)

Lakini usidhani sheria ndo iliyoua mtindo huu kwa watu wazima. Hela ndo iliyoua. Kutengeneza komedi kukawa ghali, kampuni moja haiwezi tena kubeba kipindi cha sehemu thelathini na kitu kwa msimu peke yake. Kule NBC bosi mmoja, Pat Weaver, alishaanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusukuma mfumo wa kuuza nafasi ndogondogo kwa kampuni nyingi, kama kurasa za gazeti, ili kipindi kibaki mali ya netiweki. Ikaja kashfa ya vipindi vya maswali na zawadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikajulikana washindani walikuwa wanapewa majibu, netiweki zikapata sababu nzuri ya kusema tunachukua usukani wenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni nyingi zinanunua dakika, baadaye nusu dakika, leo hapa kesho pale. Aliyelipia nusu dakika hana ubavu wa kumwomba Barney Fife avae sare amuuzie kahawa. Udhamini wa namna ile ulipokufa na wahusika wakatoka kwenye matangazo, wachache tu wakabaki, na wengi wao wa kuchorwa: nafaka za Pebbles za kampuni ya Post ziko sokoni tangu 1971, na kwenye matangazo yake Barney alimwibia Fred nafaka hizo miaka na miaka, na Bart Simpson alianza kuuza chokoleti za Butterfinger 1988, mwaka mmoja kabla familia yake haijapata kipindi chake chenyewe.

Siku hizi kampuni zimegundua hiki kilio na zinakiuza. Kwenye Super Bowl ya 2014, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, tangazo la mtindi wa Oikos liliwarudisha wanaume watatu wa komedi ya zamani ya Full House pamoja, John Stamos, Bob Saget na Dave Coulier. Limetengenezwa vizuri, nacheka nikiliona, ila sio kitu kile kile. Kule Andy alikuwa anakuja kila wiki bila kuitwa kumbukumbu, alikuwa wa leo. Haya ya sasa yanakuja yakijua kabisa yanakugusa wapi.

Sasa kazi yako. Pa kuanzia ni Internet Archive, bure, andika jina la kipindi na jina la mdhamini pamoja, mfano Andy Griffith na Sanka, au Beverly Hillbillies na Kellogg's, maana ukiandika kipindi peke yake utazama kwenye marudio. Chuo Kikuu cha Duke kina mkusanyiko mkubwa wa mtandaoni unaitwa AdViews, maelfu ya matangazo ya TV kuanzia miaka ya 1950, umetoka kwenye kumbukumbu za ajensi iliyofanya kazi na General Foods wenyewe, kwa hiyo nafaka na kahawa ndo nyumbani kwake. YouTube wakusanyaji wa filamu za milimita 16 wameweka mengi, ubora hauko sawa lakini kwa mzee hiyo mikwaruzo ndo utamu. Kama familia yake ina hela kidogo, seti za DVD za I Love Lucy zimerudisha ule ufunguzi wa pakiti la Philip Morris. Na kama watoto wake wanampeleka New York siku moja, Paley Center wanatunza vipindi na matangazo ya zamani.

Angalia tu usiletewe feki, maana wasiwasi wako wa kompyuta una msingi, siku hizi watu wanatengeneza “matangazo ya kale” kila siku. Linganisha mdhamini na mwaka: Flintstones na Winston lazima iwe kati ya 1960 na mwanzoni mwa 1963, mtu akikuletea anadai ni ya 1969 muulize maswali. Ile ya Fred na Barney kwenye baa wanakunywa bia ya Busch ni ya kweli, ya 1967, ila hiyo haikuwa tangazo la TV, ni filamu ndefu kidogo waliyotengenezewa wasambazaji wa bia, kwa hiyo mzee akisema haikumbuki yuko sawa.

Usimrundikie. Weka moja kabla ya kipindi na moja baada, kama yalivyokuwa, na mwache yeye aongee kwanza kabla hujamwambia ni tangazo la nini, utashangaa anamalizia maneno. Ya sigara muulize familia yake kabla hujaweka, kama alivuta zamani akaacha kwa shida au kuna ndugu aliyeondoka kwa ugonjwa wa mapafu, hayo unaweza kuyaruka na hutakosa kitu, ya Mayberry peke yake yanatosha wiki nzima. Mi ningeanza na Andy na Opie kwenye nafaka za Post. Alafu akitaja bidhaa ambayo huipati, niandikie jina lake na kipindi anachodhani ilikuwepo, nitakutafutia ilikuwa chini ya mdhamini gani na miaka gani.